Injini ya zamani iliyoongezwa nguvu inaposumbua: dalili, chanzo na mahali pa kuacha

Malalamiko ni yale yale, gari tu ndilo linabadilika. Huyu ana Corolla ya injini ya 4K, yule ana Peugeot 504, mwingine Datsun ya A12 aliyorithi kwa baba yake. Wote wameongeza kitu: kabureta kubwa, hedi (kichwa cha injini) iliyochongwa, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) iliyosagwa upya, ekzosi nene. Na wote wanamaliza na neno moja: fundi alisema itaruka, sasa hata mlima wa Pugu inanung'unika.

Ada ya somo hili nimeshalipa. Miaka kadhaa nyuma nilifunga kabureta ya Weber 32/36 kwenye Corolla yangu. Ilitoka kwenye gari jingine na jeti zake (vitundu vinavyopima petroli) hatukuzigusa. Mjini ilikuwa tamu. Tulipoipeleka Morogoro Road, baada ya Mlandizi, ikaanza kulia kama njugu kwenye kopo. Nikaongeza sauti ya redio. Haukupita muda nguvu zikakatika na moshi ukaanza kutoka kwenye kifuniko cha oili. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole changu cha mwisho kiliingia bila kusukuma. Fundi akaigeuza kwenye mwanga, akaniambia, "Bosi, injini ilikuwa inakuita, wewe ulikuwa unasikiliza muziki."

Kwa hiyo haya hapa chini yamepangwa kwa kile unachokisikia au kukiona. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachokutwa mara nyingi, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu.

Kwanza pima kompresheni

Kompresheni ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Usilaumu kifaa kipya kabla ya kujua afya ya injini yenyewe. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, kanyaga akseleta hadi mwisho, kisha piga stata huku kipimo kikiwa kwenye tundu moja baada ya jingine. Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima husoma kama 150 hadi 170 kwa kipimo cha psi. La maana zaidi ni zilingane: tofauti ikizidi asilimia 10 kati ya silinda na silinda, una ugonjwa wa zamani.

Silinda iliyo chini idondoshee kijiko kimoja cha oili, upime tena. Ikipanda, ringi au silinda imelika. Isipopanda, angalia valvu. Mbili zilizokaa jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imeungua katikati yao. Injini ya namna hiyo ukiifungia kabureta kubwa ni sawa na kumvalisha mgonjwa viatu vya mbio.

Dalili: "Nimefunga kila kitu lakini haiongezi"

Mara nyingi hapa hakuna kilichoharibika, ni matarajio tu. Injini za valvu mbili kwa silinda na fimbo za kusukumia valvu zilitoka kiwandani na nguvu farasi kama 45 hadi 55 kwa kila lita. Peugeot 504 ya kabureta, sentimita za ujazo 1,971, ilikuwa na farasi 90 na kitu. Ukifanya kazi safi, kabureta, ekzosi, hedi na kemshafti vikioana, gari la kwendea kazini unaweza kulifikisha 65 hadi 70 kwa lita. Zaidi ya hapo inawezekana, lakini unakuwa unakopa kwenye umri wa injini, na riba yake ni kubwa.

Hali ya hewa yetu nayo inakata chake. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa asilimia 5 hivi kuliko ya nyuzi 15, na unyevunyevu wa mwezi Machi unachukua asilimia nyingine kama tatu ya nafasi ambayo ingejazwa na hewa kavu. Umeingia uwanjani ukiwa tayari umefungwa bao. Chujio la hewa lililo wazi juu ya kabureta linazidisha hasara, kwa sababu linanyonya hewa iliyochemshwa na manifoldi. Bomba la kuvuta hewa kutoka mbele ya rejeta ni la bei ndogo na linasaidia kuliko chujio la kung'aa.

Ukaguzi wa dakika mbili: mtu mmoja akanyage akseleta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, mwingine aangalie kwenye kabureta kama kipepeo kinafunguka chote. Nimeona magari matatu ambayo "kukosa nguvu" kwake kulikuwa kapeti nene chini ya pedali na kebo iliyolegea.

Dalili: Inalia kama njugu kwenye kopo ukikanyaga mlimani

Dalili hii ndiyo inayoua injini nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo. Mlio huo ni mchanganyiko wa hewa na petroli kulipuka wenyewe kwenye kona ya chemba kabla moto wa plagi haujaufikia. Kila mlio ni nyundo ndogo juu ya pistoni. Unasikika zaidi gia ya tatu au ya nne, mwendo mdogo, akseleta imekanyagwa, mchana wa jua kali.

Chanzo cha kwanza ni taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, kuwa mbele mno. Fundi anayetega kwa sikio huisogeza mbele hadi sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga akseleta) inakuwa nzuri, basi. Tafuta taa ya taimingi. Chomoa bomba la vakyumu kwenye distribyuta na ulizibe, pandisha mizunguko hadi 3,500 na kitu kwa dakika, usome jumla. Kwa injini hizi nyuzi 30 hadi 34 kabla ya pistoni kufika juu zinatosha. Ukikuta 38 umeshapata mchawi. Rudisha nyuzi mbili mbili na ujaribu mlima ule ule. Lakini hakikisha kwanza alama ya puli haisemi uongo: puli zenye mpira katikati, mpira ukichoka, ukingo wa nje unateleza na alama inahama nao. Toa plagi ya kwanza, ingiza mrija laini wa soda kwenye tundu, zungusha injini kwa mkono polepole, uone kama pistoni inafika juu pale alama inaposema.

Cha pili ni petroli kuwa kidogo kuliko hewa, kama ilivyokuwa kwangu. Kuunguza kila tone sawasawa kunahitaji uzani wa hewa 14.7 kwa petroli 1, lakini nguvu kubwa inapatikana kwenye 12.5 hadi 13, na petroli ile ya ziada ndiyo inayopoza pistoni. Kabureta iliyotoka kwenye injini nyingine ina jeti za injini nyingine. Plagi ndiyo shahidi: tafuta barabara tupu, vuta gia ya tatu kwa nguvu zote sekunde kadhaa, kanyaga klachi, zima injini bila kuchomoa ufunguo (usukani usije ukajifunga), egesha, toa plagi. Rangi ya kahawia mpauko ni salama. Nyeupe kama chokaa, yenye chembe ndogo za kung'aa, usirudi nayo nyumbani kwa kasi: chembe zile ni alumini ya pistoni.

Cha tatu ni hedi iliyochongwa kupita kiasi. Hedi za Corolla na 504 ni za alumini, zinapinda zikichemka, na kila zikipinda zinapelekwa kuchongwa. Hakuna anayeandika zimechongwa mara ngapi. Fanya hesabu: silinda ya 4K ina kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa milimita 73, yaani sentimita za ujazo 322. Uwiano wa kompresheni ukiwa 9 kwa 1, chemba yote ina ujazo wa 40. Kama mdomo wa chemba una eneo la sentimita za mraba 35, kuchonga milimita moja kunaondoa 3.5, na uwiano unapanda hadi karibu 9.8. Wewe hukuomba nguvu hiyo. Umepewa na hedi iliyopinda mara mbili. Pima unene wa hedi kabla ya kuifunga, na ukikuta imeshaliwa tafuta gasketi nene au hedi nyingine.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Vitabu vya magari haya viliandikwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwisho wa mwaka 2005. Pia mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hugonga hata kwenye injini ambayo haijaguswa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Jaza kituo kingine, tangi likiwa karibu tupu, uone kama mlio unabadilika. Ukiondoka wote, usiguse kitu kingine.

Mwisho kabisa ndiyo kaboni kwenye chemba na plagi za joto lisilofaa. Ukiwa umepandisha kompresheni, panda hatua moja kwenda plagi ya baridi zaidi.

*Acha hapo hapo* kama injini inaendelea kuzunguka baada ya kuzima ufunguo, au mlio haukomi hata ukiachia akseleta. Usijaribu "kuisafisha" kwa mwendo kasi.

Dalili: Inachemsha kwenye foleni, barabarani iko sawa

Kati ya moto wote wa petroli, kama robo tu ndiyo inayofika kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Mwingine unatoka kwenye ekzosi na rejeta. Ukiongeza nguvu kwa asilimia 20 umeiongezea rejeta mzigo unaokaribia kiasi hicho, na rejeta yenyewe ina miaka 40.

Anza na mkanda wa feni na feni yenyewe. Kisha mfuniko wa rejeta: mfuniko mzima wa psi 13 unafanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 119, uliochoka unayaachia yachemke kwenye 100 na kumwagika Ubungo. Halafu rejeta kuziba. Hapa Dar wengi tunajaza maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Baada ya miaka miwili mirija imejaa utando mweupe. Pitisha kiganja juu ya rejeta injini ikiwa imepoa kiasi, lakini bado vuguvugu: penye baridi ndipo palipoziba. Jaza maji yaliyochujwa chumvi yenye kulanti ya kiwango, usijaze maji matupu.

Kuna tabia ya kutoa themostati na kuitupa. Gari linapoa vizuri likiwa tupu, lakini injini haifiki joto lake, oili inabaki na maji, na silinda zinalika haraka. Irudishe. Kama gari linachemsha kwa sababu ya themostati, imekufa, nunua nyingine.

Gari likichemsha barabarani ukiwa kasi na siyo kwenye foleni, rudi kwenye taimingi iliyochelewa, petroli kidogo, au gasketi. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwa baridi ni gasketi, usihangaike na rejeta.

Wenye 504: silinda za injini hiyo ni mabomba yaliyochomekwa, na maji yanazunguka nje yake. Hedi ikishatoka, usimruhusu mtu azungushe krenki kabla ya kuyabana mabomba hayo. Yakiinuka hata kidogo, sili za chini zinaachia na maji yanaingia kwenye oili. Kazi hii inahitaji mtu aliyewahi kuifanya na mwenye spana ya toki. Fundi wa kila gari mpe kazi nyingine.

*Usifungue mfuniko injini ikiwa moto.* Usimwagie hedi ya alumini maji baridi hata kama watu wamekuzunguka wakikushauri. Zima, kaa chini ya mwarobaini nusu saa.

Dalili: Juu inavuta, chini imekufa

Kwenye taa za barabarani unaachia klachi, injini inakohoa, bodaboda wanakupita kulia na kushoto. Halafu kwenye mizunguko 3,500 inaamka. Hapo kuna kemshafti kali, au kabureta kubwa mno, au vyote. Mwendo wa hewa ukiwa mdogo kwenye tundu kubwa, petroli haichukuliwi vizuri.

Angalia pampu ndogo ya kabureta: injini imezimwa, tazama ndani, kanyaga akseleta. Petroli iruke mara moja, isichelewe. Isiporuka, dayaframu imepasuka, na hiyo ndiyo shida yote. Ikiruka sawa, badilisha jeti za mwendo mdogo. Ikishindikana, rudisha kabureta ndogo. Naamini kwamba kwa Dar, ambapo unashinda gia ya pili kati ya Mwenge na Posta, kemshafti ya kiwandani na kabureta iliyotegwa vizuri ni haraka kuliko kemshafti ya mashindano. Ekzosi nene bila hayo ni kelele tu, na ugomvi na majirani.

Dalili: Inakata nguvu ghafla au kuzima

Ikizima kwenye foleni, kisha inawaka baada ya kupoa, petroli imegeuka mvuke kwenye bomba au pampu. Kitambaa chenye maji juu ya pampu kinakufikisha nyumbani, lakini tiba ni kulisogeza bomba mbali na manifoldi na kurudisha kile kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, ambacho mafundi hukitoa ili kabureta mpya iingie chini ya boneti.

Ikikata ukiwa kasi kwa muda mrefu, fuata petroli kutoka tangi: legeza mfuniko wa tangi (ukisikia hewa ikivutwa, tundu lake limeziba), badilisha filta, ndipo upime pampu. Kabureta kubwa inakunywa kuliko pampu ya zamani inavyoweza kuleta. Baada ya hapo angalia umeme: platini (swichi ya umeme wa plagi), kondensa, koili inayochemka.

Ikikata kila mara kwenye mizunguko ile ile, tuseme 5,500, na kukoroga, springi za valvu zimezidiwa au platini zinaruka. Watu hufunga springi ngumu na kusonga mbele. Kumbuka kwamba nguvu inayovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inakua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 5,500 hadi 6,500 ni karibu asilimia 40 zaidi kwenye boliti zile zile za zamani. Land Rover za petroli za lita 2.25 zilizotengenezwa kabla ya 1980 zina krenki inayoshikiliwa na beringi kuu tatu tu. Kuitafutia injini ile mizunguko ya juu ni kutafuta maziwa ya kuku.

Nguvu zikipungua kidogo kidogo kwa miezi, na kila ukiseti tapeti unakuta nafasi imebana, viti vya valvu vinazama. Inatokea kwenye hedi za chuma kama za Morris Minor, ambazo zilitegemea risasi ya petroli ya zamani. Hapo ni kazi ya karakana ya mashine kuweka viti vigumu.

*Harufu ya petroli ndani ya gari, au mpira wa petroli wenye nyufa: zima, usiwashe tena.* Kabureta inayovuja iko juu ya manifoldi ya moto.

Dalili: Moshi

Mweusi: petroli nyingi, chujio, choki, jeti, boya la kabureta. Bluu ukiachia akseleta mteremkoni: sili za valvu. Bluu ukikanyaga: ringi, rudi kwenye kompresheni. Mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto, na maji yanapungua: gasketi au hedi iliyopasuka, usiendeshe.

Dalili: Inagonga chini, taa ya oili inapepesa

Sauti nzito, ya ndani, inayofuata mizunguko, siyo ya njugu. Ni beringi za konrodi. Angalia kiwango cha oili mara moja tu; kama kiko sawa na sauti ipo, safari imekwisha. Vuta gari kwa kamba. Kilomita tano za "nifike tu Tabata" zinageuza kazi ya beringi kuwa krenki mpya, au konrodi iliyotoka nje ya bloku.

Dalili: Injini iko vizuri, gari linatisha

Injini inapoimarika, udhaifu unahamia nyuma yake. Klachi inateleza gia ya nne mlimani: mizunguko inapanda, mwendo haupandi. Difu inaanza kulia. Na breki zilipangwa kwa mwendo wa zamani. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kazi ya kusimamisha gari inaongezeka zaidi ya nusu. Angalia mafuta ya breki, unene wa pedi, na kama magurudumu yote mawili ya nyuma yanashika sawa. Pedali ikishuka polepole ukiwa umeikanyaga umesimama kwenye taa, mpira wa masta silinda umekwisha. Gari hilo usiliendeshe hata hadi gereji. Mwite fundi alifuate lilipo.